Kupima udongo na maji ya ardhini katika ranchi ya zamani: njia ipi ifuatwe?

Mtu anayenunua kiwanja kilichokuwa na gereji au kiwanda huwa na shaka tangu siku ya kwanza. Anayenunua ranchi ya zamani huona nyasi, vichaka na ardhi tupu hadi upeo wa macho, akaamini kwamba mahali palipolishwa ng'ombe kwa miaka mingi hapawezi kuwa na sumu. Imani hiyo ni kweli kwa sehemu kubwa ya eneo, na ndiyo maana inapotosha. Uchafuzi wa ranchi haukutandazwa kama mbolea shambani. Umejikusanya mahali pachache, pengine padogo kuliko ua wa nyumba: penye josho, ghala la dawa, tangi la mafuta, zizi la kunenepeshea, bwawa la samadi, shimo la mizoga na jalala. Kila njia inayolinganishwa hapa chini nimeipima kwa swali moja: je, itapafikia mahali hapo padogo, au itapapita?

Kuna mkanganyiko mmoja wa kuuondoa mapema. Kipimo cha rutuba, kile kinachotaja naitrojeni, fosforasi, potasiamu na pH, si kipimo cha uchafuzi. Mara nyingi muuzaji hutoa karatasi ya rutuba kwa nia njema kabisa, na mnunuzi akaipokea kama uthibitisho wa usalama, ilhali maabara haikuulizwa lolote kuhusu arseniki, DDT wala petroli. Karatasi hiyo iwekwe kando.

Historia ya ardhi kwanza, au keekee kwanza?

Njia ya kwanza huanza bila kugusa udongo. Mchunguzi hukusanya hati za umiliki, ramani, picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, na maelezo ya watu waliofanya kazi pale, kisha hutembea eneo lote akitafuta dalili. Marekani ina viwango viwili vya kazi hii vinavyotajwa sana, ASTM E1527 kwa mali za kawaida na ASTM E2247 kwa misitu na maeneo ya mashambani. Na kwa upande wa kimataifa, mfululizo wa ISO 18400 unaongoza uchukuaji wa sampuli za udongo. Njia ya pili ni kumleta mchimbaji moja kwa moja, kuchukua sampuli kadhaa na kusubiri majibu.

Njia ya pili huonekana ya haraka, lakini kwa ranchi ni kamari. Mahojiano ya nusu siku na mchungaji mzee aliyekuwa akiogesha ng'ombe hupunguza gharama kuliko punguzo lolote la maabara, kwa sababu yeye ndiye anayejua tope la josho lilikuwa linamwagwa upande gani liliposafishwa. Picha za angani nazo huonyesha kitu ambacho macho hayakioni tena: josho lililofukiwa, njia za ng'ombe zinazokutana mahali pasipo na sababu ya kukutana, au uwanja wa duara usioota nyasi.

Historia husaidia pia kuchagua kemikali za kupima. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 majosho yalijazwa maji yenye arseniki ili kuua kupe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja dawa za kundi la DDT, lindani na toksafeni, baadaye dawa za oganofosfati, kisha amitrazi na dawa za jamii ya pareto. Marekani ilianza mpango wa kitaifa wa kutokomeza kupe mwaka 1906, na katika jimbo la Florida peke yake yalijengwa majosho zaidi ya 3,000; New South Wales, Australia, nayo ilikuwa na takriban 1,600. Arseniki ni elementi, haiozi hata ikipita karne. DDT huoza polepole mno na kuacha DDE na DDD, ambazo nazo ni lazima ziulizwe kwa jina katika maombi ya maabara. Oganofosfati nyingi huvunjika udongoni baada ya wiki au miezi. Kwa hiyo, josho lililofungwa miaka 40 iliyopita lipimwe arseniki na kundi la DDT kwanza, na lile lililotumika hadi juzi lipimwe zote. Anayechimba bila historia hulipia orodha ndefu ya kemikali, na bado huenda akakosa ile iliyokuwepo.

Udongo au maji?

Hapa ndipo wengi hutaka jibu moja, na jibu moja halipo, kwa kuwa kila kichafuzi kina tabia yake. DDT hushikamana sana na udongo na haipendi maji; kuitafuta kisimani ni kupoteza fedha, isipokuwa pale ambapo tope lenyewe limeingia ndani. Arseniki hushikwa vizuri na mfinyanzi na udongo mwekundu wenye chuma, lakini katika udongo wa kichanga huteremka, na chini ya mazingira yasiyo na oksijeni huachiliwa na kuingia majini. Nitrati kutoka kwenye samadi haishikwi na karibu chochote: husafiri pamoja na maji, na udongo wa juu uliopimwa leo unaweza kuonekana safi wakati kisima kilicho mita mia kadhaa kutoka hapo kimekwisha kuharibika. Petroli hukaa katikati, kwa kuwa sehemu yake huganda kwenye udongo chini ya tangi, sehemu huelea juu ya maji ya ardhini, na benzini iliyomo huyeyuka na kwenda mbali kuliko mafuta mengine.

Kwa hiyo, penye josho na ghala la dawa, anza na udongo. Penye zizi la kunenepeshea na bwawa la samadi, anza na maji. Penye tangi la mafuta, pima vyote viwili tangu mwanzo, kwani kimoja bila kingine hakisemi kitu. Na kama kuna kisima kinachotumika hivi sasa na watu au mifugo, kipimwe kesho yake bila kusubiri mpango wowote. Hilo ni suala la usalama, nalo halimalizi uchunguzi.

Kulenga mahali panaposhukiwa, au kugawa eneo lote kwa gridi?

Gridi ina sifa ya kuonekana ya haki: kila hekta hupata sampuli yake, na hakuna anayeweza kudai kwamba mchunguzi alichagua pale palipo safi. Tufanye hesabu, hata hivyo. Chukua ranchi ya hekta 1,000 yenye josho moja, ambalo udongo uliochafuliwa kando yake umechukua mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Gridi ya mita 100 itahitaji sampuli 1,000, na bado uwezekano wa nukta moja kuangukia ndani ya eneo lile ni asilimia 4 tu. Mtu atalipia sampuli elfu moja, apokee ripoti nene yenye namba nzuri, na josho liendelee kukaa pale pale.

Kulenga kunafanya kinyume. Baada ya josho kutambuliwa, nukta 25 zilizopangwa kila baada ya mita 5 hulifunika eneo lote hilo dogo, na nyingine chache zikaongezwa kwenye sakafu ya kutiririshia, mfereji wa kutolea maji na upande wa mteremko. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: hupata kile tu ambacho historia ilikitaja. Kama kuna jalala ambalo hakuna aliyelikumbuka, kulenga hakutaliona.

Kwa maoni yangu, kulenga ndiko msingi, na gridi itumike katika hali mbili. Ya kwanza ni pale ambapo dawa ilinyunyizwa kwa usawa juu ya eneo pana, mathalani viuagugu vya kuua vichaka vilivyomwagwa kwa ndege. Ya pili ni pale ambapo ardhi itakatwa viwanja vya nyumba, kwa kuwa mwenye kiwanja namba 37 atataka kujua habari za kiwanja chake na si wastani wa ranchi. Katika njia zote mbili zichukuliwe pia sampuli za kiwango cha asili, mbali na shughuli zote za zamani lakini kwenye udongo wa aina ileile. Arseniki imo katika udongo wa kawaida, mara nyingi kwa miligramu chache kwa kilo na mahali pengine makumi, na bila kipimo hicho mtu anaweza kulaumu josho kwa jambo lililofanywa na mwamba.

Sampuli moja moja au mchanganyiko?

Kuchanganya sampuli tano katika mfuko mmoja hupunguza bili ya maabara mara tano, na huficha ukweli kwa kiwango hichohicho. Tuseme nukta nne zina miligramu 5 za arseniki kwa kilo na ya tano ina 200. Mchanganyiko utasomeka 44. Kama kikomo kinachotumika ni 100, ardhi imepita, ingawa nukta moja imekivuka maradufu. Tiba yake ni kugawanya kikomo kwa idadi ya sampuli zilizochanganywa: 100 kwa 5 ni 20, na kwa kuwa 44 imezidi 20, sampuli asili, ambazo zilipaswa kuhifadhiwa, zipimwe moja moja. Anayechanganya bila kuhifadhi visehemu vya asili amejifungia njia ya kurudi.

Ipo njia ya tatu, ya nyongeza nyingi, ambapo vijisehemu 30 hadi 100 huchukuliwa katika eneo moja lililoainishwa, vikaunganishwa kuwa sampuli moja kubwa, na zoezi zima likarudiwa mara tatu ili kuona kama majibu yanakubaliana. Inafaa sana kwa swali la wastani, kama vile malisho ambayo mifugo itazunguka kote. Haifai kwa kutafuta mahali pamoja palipochafuka sana, wala kwa petroli, maana kukoroga udongo huruhusu benzini iruke hewani kabla ya kufika maabara.

Zana za kuchimbia hazihitaji maneno mengi. Keekee ya mkono hufika mita moja hadi tatu na inatosha kwa kazi nyingi za josho, ambako sampuli ya juu, yaani sentimita 15 za kwanza, ndiyo inayogusa watoto na mifugo, na zile za nusu mita na mita moja huonyesha kama sumu inashuka. Shimo la kuchimbwa kwa mashine hufichua tabaka za udongo waziwazi na halina mshindani penye jalala. Mashine ya kutoboa huitwa pale ambapo maji yako chini sana au tangi lilizikwa. Tahadhari moja tu ni ya lazima: shimo la mizoga lisifunguliwe kwa udadisi. Vijidudu vya kimeta hujifunga katika hali ya usingizi na huweza kuishi udongoni kwa miongo mingi. Ni heri kupima maji upande yanakoelekea, na kumshirikisha daktari wa mifugo kabla ya koleo lolote.

Kifaa cha mkononi au maabara?

Kifaa cha mkononi cha eksirei hulenga udongo kwa dakika moja au mbili na kutaja arseniki, risasi, shaba, zinki na kromiamu palepale. Kasi hiyo ina thamani halisi: mchunguzi anaweza kusoma nukta mia moja kwa siku, kuona mpaka wa uchafuzi ukijichora mbele yake, na kuhamisha keekee kabla ya kuondoka. Hata hivyo kina mipaka. Udongo wenye unyevunyevu unaozidi takriban asilimia 20 hushusha namba, na penye risasi nyingi usomaji wa arseniki hauaminiki, kwa sababu ishara za elementi hizo mbili hukaribiana hadi kuingiliana. Zaidi ya hayo, hakioni DDT, hakioni nitrati, hakioni mafuta. Kifaa cha kunusa mvuke nacho hutambua petroli vizuri lakini dizeli, ambayo haivukizi sana, hukiponyoka.

Maabara huchukua siku au wiki, na kwa hukumu ya mwisho haina mbadala. Utaratibu ninaoupendelea ni kuchora ramani kwa kifaa, kisha kupeleka maabara sehemu ya nukta zile, zikiwemo za juu, za kati na za chini, ili namba za kifaa zirekebishwe kwa namba za maabara. Mtu anayelazimika kuchagua kimoja tu achague maabara yenye sampuli chache zilizolengwa vizuri.

Katika kuchagua maabara, ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, peke yake haitoshi, kwa kuwa hutolewa kwa vipimo vilivyotajwa kwa majina. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima pH na isiwe nayo ya kupima viuatilifu. Swali la pili, ambalo ni wachache wanaouliza, ni kiwango cha chini kabisa ambacho maabara inaweza kukisoma. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 10 za arseniki kwa lita ya maji ya kunywa. Maabara inayoanza kusoma kwenye 50 itaandika “haikuonekana” kwa maji yenye mara nne ya mwongozo huo, na mteja ataondoka akifurahi.

Kisima kilichopo au visima vipya vya ufuatiliaji?

Kisima kilichopo hakihitaji kuchimbwa, na maji yake ndiyo yanayonywewa. Kwa faida hizo mbili hakuna sababu ya kutokipima. Kasoro yake ni kwamba kilichimbwa kutafuta maji mengi, si kutafuta uchafu. Huvuta maji ya tabaka kadhaa kwa pamoja na kuyachanganya, mara nyingi ni kirefu kuliko mahali uchafu ulipo, na huenda kiko upande ambao maji hutokea kabla ya kupita chini ya josho. Kisima safi, basi, huthibitisha kwamba kisima ni safi, hakithibitishi zaidi ya hapo. Na kikionekana kichafu, uangaliwe mdomo wake: bomba la kinga lililopasuka au mfuniko uliooza huingiza samadi moja kwa moja kutoka juu, na tatizo likawa la kisima peke yake wala si la ardhi nzima.

Visima vya ufuatiliaji ni vyembamba, huwekwa pale mchunguzi anapotaka, na sehemu yake yenye matundu huwekwa kwenye kina kinachoulizwa. Kwa petroli ni lazima sehemu hiyo ikate usawa wa juu wa maji, kwa kuwa mafuta huelea. Ikizamishwa chini yake, mafuta yatapita juu bila kuonekana. Vinahitajika angalau vitatu visivyo katika mstari mmoja, maana mwelekeo wa maji ya ardhini hupatikana kwa kulinganisha urefu wa usawa wa maji katika nukta tatu zilizopimwa na mpimaji. Kukisia mwelekeo kwa kutazama mteremko wa ardhi husaidia mara nyingi, lakini pampu kubwa iliyo jirani inaweza kuugeuza. Kimoja kati ya visima hivyo kiwe upande maji yanakotoka, kisije kikakosekana cha kulinganishia.

Namna ya kuchota nayo hubadilisha majibu. Kidumu chembamba cha kuteremshwa kwa kamba ni rahisi, ila hutibua tope, na arseniki iliyoganda kwenye chembe za tope huhesabiwa kana kwamba imeyeyuka majini. Pampu inayovuta polepole, kati ya lita 0.1 na 0.5 kwa dakika, mpaka joto, pH, oksijeni na upitishaji umeme vitulie, hutoa sampuli inayofanana zaidi na maji yenyewe. Kwa metali, chupa moja ichujwe kwa chujio la mikromita 0.45 na nyingine isichujwe: ya kwanza huonyesha kinachosafiri na maji, ya pili huonyesha kinachomezwa. Chupa ya kupimia benzini ijazwe pomoni bila kuacha hata kiputo. Sampuli ya bakteria ihifadhiwe kwenye baridi na ifike maabara ndani ya saa 24. Ikichelewa, majibu yake hayana maana.

Kuhusu nitrati, soma kipimo kabla ya kusoma namba. Shirika la Afya Duniani huweka mwongozo wa miligramu 50 kwa lita zikihesabiwa kama nitrati, ambazo ni sawa na karibu 11 zikihesabiwa kama naitrojeni. Marekani hutumia 10 kama naitrojeni. Ripoti inayosema “nitrati 12” bila kueleza imehesabiwa vipi inaweza kuwa ya maji salama au ya maji ya hatari kwa mtoto mchanga. Kipimo kimoja cha kiangazi pia hakitoshi penye samadi, kwa kuwa mvua za kwanza husukuma chini nitrati iliyokusanyika udongoni. Pima katika misimu miwili.

Kwa hali yako

Anayetaka kurudisha ng'ombe malishoni anaweza kuridhika na historia, kulenga josho na ghala, kipimo cha kisima, na ua wa kudumu kuzunguka mahali palipochafuka. Anayetaka kujenga nyumba aongeze gridi kwenye viwanja na visima vya ufuatiliaji, na akague hata marundo ya majivu, kwa sababu nguzo za uzio zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na arseniki zikichomwa huacha arseniki ndani ya jivu. Aliyebanwa na muda kabla ya kutia saini afanye uchunguzi wa historia, atumie siku moja na kifaa cha eksirei, apeleke maabara sampuli 10 hadi 15 za udongo na moja ya kila kisima, kisha aweke katika mkataba sharti la kujitoa endapo majibu yatakuwa mabaya.

Ripoti yoyote utakayolipia, kataa kuipokea kama haina mambo manne: ramani yenye viwianishi vya kila nukta, kina cha kila sampuli, fomu ya makabidhiano inayoonyesha kila mkono uliozishika sampuli tangu shambani hadi maabara, na majibu ya sampuli pacha, yaani mbili zilizochukuliwa mahali pamoja, na ya sampuli tupu, yaani za maji safi zilizosafirishwa pamoja na nyingine. Sampuli pacha zikitofautiana sana, au tupu ikaonekana na benzini, kazi ya shambani irudiwe kwa gharama ya aliyeifanya, na hilo nalo liandikwe kwenye mkataba kabla keekee haijashushwa.